Excel, Trello, ProjectLibre au Microsoft Project: ipi ikupangie ujenzi wa madarasa mawili?

Ukilinganisha programu za kusimamia miradi kwa kusoma orodha ya mambo zinayoweza kufanya, zote zitaonekana nzuri. Kipimo cha kweli ni kuchukua mradi mmoja, kuuingiza kwenye kila programu, halafu kuuvuruga makusudi: mabati yachelewe, mvua inyeshe wiki nzima, seremala mmoja ahitajike sehemu mbili siku ileile. Hapo utaona programu ipi inakwambia ukweli na ipi inabaki kukuonyesha tarehe za zamani kwa rangi nzuri.

Tumechukua ujenzi wa madarasa mawili ya chini, wa aina ambayo kamati ya shule au mkandarasi mdogo husimamia. Kazi ni Jumatatu hadi Jumamosi. Siku zifuatazo ni za kikosi cha kawaida cha mafundi. Chako kikiwa kikubwa au kidogo, badili namba, mantiki haibadiliki.

| Na. | Kazi | Siku | Inafuata kazi Na. |
|---|---|---|---|
| 1 | Kusafisha eneo, kuweka vipimo | 2 | – |
| 2 | Kuchimba msingi | 4 | 1 |
| 3 | Zege la chini ya msingi | 1 | 2 |
| 4 | Kuta za msingi | 5 | 3 |
| 5 | Kifusi, kushindilia, zege la jamvi | 5 | 4 |
| 6 | Kuta hadi usawa wa lenta | 8 | 5 |
| 7 | Lenta: mbao, nondo, kumwaga zege | 4 | 6 |
| 8 | Lenta kukomaa | 7 za kalenda | 7 |
| 9 | Kuta za juu ya lenta | 4 | 8 |
| 10 | Agizo la mbao na mabati hadi kufika | 21 | – |
| 11 | Kupaua na kuezeka | 8 | 9 na 10 |
| 12 | Lipu ndani na nje | 8 | 11 na 13 |
| 13 | Fremu na shata za mbao | 15 | 6 |
| 14 | Sakafu, milango, rangi | 10 | 12 |

Ukijumlisha mnyororo mrefu kuliko yote, yaani kazi 1 hadi 9, kisha 11, 12 na 14, unapata siku 65 za kazi, takriban wiki 11. (Siku 7 za kukomaa kwa lenta zina Jumapili moja ndani, kwa hiyo zinakula siku 6 za kazi.) Mnyororo huo tuuite njia nyeti: siku moja ikipotea humo, makabidhiano yanasogea siku moja. Kazi za nje yake zina akiba ya siku. Kupaua kunaanza siku ya 40, mabati yanahitaji siku 21, kwa hiyo agizo lina akiba ya siku 18, sawa na wiki tatu kamili. Fremu zina akiba ya siku 7. Hesabu hii si ngeni. Kampuni za DuPont na Remington Rand zilianza kuitumia Marekani mwaka 1957, na ungeweza kuifanya kwa penseli. Shida ya penseli ni kuirudia kila Jumamosi.

Kosa la kwanza hufanyika kabla ya kazi ya kwanza kuandikwa

Microsoft Project ikifunguliwa inadhani unafanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa, saa 2 hadi 6 na saa 7 hadi 11. Mradi wetu wa wiki 11 unageuka kuwa wa karibu wiki 13 bila mtu kukosea chochote, na wengi hawastuki, wanadhani programu ni makini kuliko wao. Fungua Change Working Time, uiwekee Jumamosi saa za kazi, kisha uingize sikukuu. Usiishie hapo. Kwenye Options, sehemu ya Schedule, kuna saa 40 kwa wiki na siku 20 kwa mwezi. Usipobadili kuwa 48 na 26, ukiandika "2w" utapewa siku 10 badala ya 12.

Zege nalo lina kalenda yake. Halijui Jumapili wala Krismasi. Kwenye Project andika "7ed", herufi e ikimaanisha siku zinahesabiwa mfululizo. Kwa lenta yetu ukisahau hiyo e unapoteza siku moja, si kitu. Lakini mtu anayesubiri siku 28 za kupima zege, akiziandika "28d" kwenye kalenda ya siku tano na kuanza Jumatatu, anapata siku 38. Siku kumi za bure, na kikosi cha mafundi kimekaa.

Excel inakulazimisha useme kalenda yako mwenyewe, na hilo ni jema. Weka siku kwenye safu ya C, kuanza D, kumaliza E, na sikukuu zako H2 hadi H15. Kazi ya 2 iko mstari wa 3:

Kuanza: =WORKDAY.INTL(E2,1,11,$H$2:$H$15)
Kumaliza: =WORKDAY.INTL(D3-1,C3,11,$H$2:$H$15)

Namba 11 inamaanisha Jumapili pekee ndiyo ya mapumziko. Kama eneo lako hupumzika Ijumaa pekee, weka 16. Ile "D3-1" watu huiacha, na kila kazi inarefuka kwa siku moja kimyakimya. Kwa kazi kumi na mbili umeongeza wiki mbili. Kukomaa kwa zege hakuhitaji fomula hii: anza kesho ya siku ya kumwaga, na maliza ni siku ya kumwaga jumlisha 7. Tarehe za Idi zinategemea mwandamo, kwa hiyo kwenye safu ya H weka siku mbili na uifute moja mwezi ukionekana. Fomula hizi zinakubali pia kwenye Google Sheets na LibreOffice Calc.

Trello haina suala la kalenda, kwa maana haihesabu chochote. Ni ubao wa kadi, kadi moja kwa kila kazi, na kadi ina tarehe uliyoiweka wewe, basi.

Mabati yanachelewa

Hili ndilo janga la kila siku. Kama ni fedha za umma Tanzania, agizo linapita NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, kuna nukuu za bei, kuna tathmini, kuna saini ambayo mwenyewe yuko safarini. Tuseme idhini imechukua wiki nne. Siku 24 za kazi zimepita, agizo linatoka siku ya 25, mabati yanafika siku ya 45. Akiba ilikuwa 18, zimetumika 24, kwa hiyo kupaua kunaanza siku ya 46 na mradi unaisha siku ya 71.

Kwenye Microsoft Project na ProjectLibre unabadili tarehe moja tu, ya kuanza kwa agizo, na yote hayo yanajiandika. Cha thamani zaidi ni kinachotokea kabla. Washa safu ya Total Slack, na kila wiki idhini inapokawia utaona akiba ikishuka: 18, 12, 6, 0. Wiki ya pili bado unaweza kumpigia simu mhusika kwa upole. Ikifika 0 simu ni ya aina nyingine.

Excel itafanya hesabu ileile iwapo ulikumbuka kuipa kazi ya kupaua wazazi wawili, yaani kazi mbili zinazoitangulia:

=WORKDAY.INTL(MAX(E10,E11),1,11,$H$2:$H$15)

Hiyo MAX, inayochukua tarehe ya mwisho kati ya mbili, ndiyo inayotenganisha mpango na mchoro. Templeti nyingi za chati ya Gantt (kazi zikichorwa kama mistari ya rangi kwenye kalenda) zinazopakuliwa mtandaoni hazina: tarehe zimechapwa kwa mkono na rangi zinafuata tarehe. Ukichelewesha mabati kwenye templeti ya namna hiyo, fundi wa bati anaendelea kuezeka hewani. Akiba ya siku nayo Excel haikupi bila kazi ya ziada; itakubidi uongeze safu mbili zinazohesabu kutoka mwisho kurudi nyuma. Kwa kazi 14 inawezekana. Kwa kazi 80 utakosea.

Sasa geuza swali. Project inakwambia kuchelewa kwa mabati kutaleta nini. Haikwambii mabati yamekwama wapi. Hapo Trello inazishinda zote. Tengeneza ubao wenye orodha hizi: Inasubiri idhini, Inasubiri pesa, Imeagizwa, Ipo saiti, Inafanyika, Imekaguliwa. Kadi ya mabati ikikaa Inasubiri idhini siku ya kumi, kila mtu anaiona kwenye simu yake, jina la anayeishikilia liko juu ya kadi, na nukuu ya bei imeambatishwa humohumo. Kwenye kundi la WhatsApp taarifa hiyohiyo ingekuwa imezikwa chini ya picha za msingi na salamu za Ijumaa. Orodha ya Inafanyika iwekee kikomo cha kadi tatu; ya nne isiingie mpaka moja itoke. Bila kikomo, ubao wa Trello baada ya mwezi unakuwa orodha ndefu ya mambo yaliyoanzwa.

Ila usiitegemee Trello kwa tarehe. Mabati yakichelewa siku 6, kadi za kupaua, lipu na umaliziaji zinabaki na tarehe zilezile hadi mtu azifungue mojamoja. Kadi hazivutani.

Mvua ya siku tano

Masika yamekatiza uchimbaji siku ya 4, na msingi umejaa maji siku tano. Programu zote tatu zenye mantiki zinasogeza makabidhiano hadi siku ya 70, na hakuna ubishi. Angalia lakini akiba ya mabati: kama agizo lilikuwa tayari limetoka siku ya kwanza, akiba imepanda kutoka 18 hadi 23. Muuzaji akikutaka ulipe nyongeza ya usafiri wa haraka wiki hiyo, mpango wako unakupa jibu. Kwa Excel isiyo na safu ya akiba hungeliona hili, na kwa Trello hungeliwaza.

Namna ya kuingiza mvua ndiyo inayokosewa. Usirefushe kazi ya kuchimba kutoka siku 4 hadi 9. Baadaye utaangalia kumbukumbu na kuamini kuchimba msingi huchukua siku 9. Kwenye Project na ProjectLibre gawa kazi, au ingiza siku hizo kama zisizo za kazi kwenye kalenda ya mradi kama mvua ilisimamisha kila kitu saiti. Ukifanya hivyo lakini, jua kwamba na agizo la mabati litasimama, wakati muuzaji hakunyeshewa. Ndiyo maana kazi za ununuzi zinafaa kupewa kalenda yake peke yake. Kwenye Excel ongeza mstari "Mvua, 5" kati ya kazi ya 2 na ya 3, na kazi ya 3 iufuate mstari huo.

Seremala mmoja, kazi mbili

Kazi ya 7 inahitaji seremala wa kufunga mbao za lenta, siku ya 26 hadi 29. Kazi ya 13 nayo inaanza siku ya 26, na seremala ni yuleyule. Excel haioni tatizo. Trello utaona sura yake kwenye kadi mbili za Inafanyika, na ukiwa mwangalifu utaelewa. Project inaweka alama nyekundu ya mtu pembeni ya kazi zote mbili.

Kuna kitufe cha kusawazisha rasilimali, na kinashawishi. Bonyeza ukiwa umeshahifadhi nakala. Kwa mfano wetu kitasogeza fremu mbele siku 4, maana ndizo zenye akiba. Zitaisha siku ya 44, lipu inaanza siku ya 48, na akiba iliyobaki ni 3. Sawa kabisa. Lakini kwenye mradi wa kazi nyingi kitufe hichohicho kinaweza kutawanya mpango hadi usiutambue. Kuna Clear Leveling ya kurudisha. Kwa mradi mdogo ni salama zaidi kuunganisha kwa mkono: fremu zianze baada ya lenta. Kiungo hicho unaweza kukiweka hata kwenye Excel.

Mpango unapokataa kusogea

Dalili inayoleta wengi kuomba msaada ni hii: kazi inayotangulia imechelewa, inayoifuata haikusogea. Kwenye Microsoft Project sababu ni tatu kwa kawaida. Ya kwanza, kazi ina alama ya pini, maana iko kwenye hali ya kupangwa kwa mkono. Tangu toleo la 2010 ndivyo kazi mpya zinavyozaliwa, na unabadili chini kabisa ya dirisha, palipoandikwa New Tasks. Ya pili, mtu aliandika tarehe ya kuanza kwa mkono. Project haiichukui kama maoni. Inaweka kizuizi cha Start No Earlier Than, na ukija kuwahi badala ya kuchelewa, kazi inakataa kurudi nyuma. Ya tatu, kiungo hakipo. Chagua kazi, fungua Task Inspector kwenye kichupo cha Task, itakutajia kinachoishikilia. Kwenye ProjectLibre itabidi ufungue kazi mwenyewe na kusoma wazazi wake na vizuizi vyake.

Kwenye Excel kosa ni moja karibu kila mara: mtu amechapa tarehe juu ya fomula. Bonyeza Ctrl pamoja na kitufe cha `, karatasi nzima itaonyesha fomula, na seli yenye namba tupu itajitokeza. Ukishaipata, funga safu za D na E kwa nywila.

Dalili ya pili ni ya hatari zaidi kwa sababu inafurahisha: umechelewa wiki mbili na tarehe ya mwisho haijatikisika. Chuja kazi zisizo na mrithi, yaani zisizofuatwa na kazi nyingine, kwenye safu ya Successors. Inapaswa kubaki moja tu, ya 14. Ukikuta nne, hizo tatu zinaelea. Zinaweza kuchelewa hadi mwakani bila mradi kujua.

Halafu kuna asilimia 90. Fundi akiulizwa lipu imefika wapi husema asilimia 90, na wiki ijayo atasema tena. Usimwulize asilimia. Muulize zimebaki siku ngapi, na jibu liandike kwenye safu ya Remaining Duration. Kisha kwenye Update Project chagua kusogeza kazi ambazo hazijakamilika zianze baada ya tarehe ya leo. Usipofanya hivyo programu itaamini kwamba siku 3 za lipu zilizobaki zitafanyika Jumanne iliyopita. Excel haina ulinzi wowote hapa, na ndiyo sababu mipango mingi ya Excel inakufa mwezi wa pili.

Kabla ya jembe la kwanza hifadhi mpango wa awali. Project ina Set Baseline na nafasi 11. Kwenye Excel nakili safu za D na E ubandike pembeni kama thamani, zisibaki fomula. Asiyefanya hivi hawezi kumwonyesha mwajiri siku zipi zilipotea kwa idhini na zipi kwa mvua, atabaki akibishana.

Uchukue ipi

Kazi chini ya 25, msimamizi mmoja, unajua fomula: Excel, kwa masharti ya hapo juu. Ukizidi hapo, ProjectLibre. Ni ya bure, haihitaji bando baada ya kuipakua, inafanya kazi Windows, Mac na Linux, inafungua faili za .mpp, yaani za Microsoft Project. Inahitaji Java, ni nzito kidogo kwenye laptopu ya zamani, na mtu mmoja tu ndiye anayeshika faili. Kwa hiyo hifadhi kila Jumamosi kwa jina lenye tarehe. Kwa mkandarasi mdogo tunaipendekeza mbele ya Microsoft Project bila kusita.

Microsoft Project inafaa pale mwajiri anapodai .mpp, au unapoendesha saiti kadhaa zenye mafundi walewale. Programu ya kwenye kompyuta ni ya Windows pekee. Majina yao siku hizi yamechanganywa: Planner Plan 1 ni ya mtandaoni tu; ukitaka programu yenyewe kwa malipo ya mwezi, hakikisha ni Planner and Project Plan 3.

Trello usiichukue peke yake kwa ujenzi. Ichukue pamoja na mojawapo ya hizo, kwa ajili ya manunuzi na idhini tu. Toleo la bure linatosha, ubao 10 kwa kila eneo la kazi.

Kuhusu programu ya Primavera P6 ya Oracle: ikiandikwa kwenye mkataba wa barabara au bwawa, huna hiari. Kwa madarasa mawili ni kukodi greda ulime bustani ya mchicha.

Ukihama kutoka programu moja kwenda nyingine, usiamini ujumbe wa kwamba faili limefunguka. Andika kwanza kwenye karatasi vitu vinne: idadi ya kazi, tarehe ya mwisho, akiba ya agizo la mabati, na kama Jumamosi ni ya kazi. Fungua upande wa pili, linganisha. Kinachopotea njiani mara nyingi ni kalenda, na mpango wa wiki 11 utaukuta una 13.